Uji wa Shangazi Somoe

Mwanangu Hawa,

Kesho pale stendi ya Nachingwea sitakuwa na la maana. Nitakuambia ushike begi lako vizuri, nitamtazama utingo kwa jicho baya, nitauliza tairi la nyuma mbona limelala hivyo. Unanijua. Basi nimekaa hapa barazani wakati wewe umekwenda kumuaga mama mkwe wako na jua halijazama, niandike yale ambayo mdomo wangu ungeyaharibu. Mdomo wangu hausemi jambo bila kulitia swali, na maswali yangu umeyachoka.

Mambo ya chandarua na kuchemsha maji sikwambii. Wewe ni muuguzi, ndiwe unayewafundisha watu hayo. Nataka kusema habari ya shangazi yako Somoe, na habari ya mtoto uliyembeba.

Usishtuke. Ndiyo, najua.

Najua kwamba chumba mlichopata Nanganga wewe na mumeo Salumu si cha mwalimu mwenzake, kama mlivyoniambia. Ni cha uani kwa Somoe. Majuzi ulirudi na unga wa mtama umefungwa kwenye kipande cha khanga, ukaniambia umenunua sokoni. Lile fundo nalijua. Somoe hufunga mara moja, halafu ncha anazirudisha ndani zisionekane. Tangu niolewe sijaona mwingine anayefunga vile. Na mimba nimeijua kwa moshi. Umekulia kwenye moshi wa kukaanga korosho, mwanangu, ulikuwa unalala nao. Siku hizi ukifika kwa jirani anayebangua unafunika pua na kuzunguka njia ya msikitini. Nimekaa na jambo hilo moyoni, linaniuma, na mwanzo lilinitia hasira. Nikasema, mtoto anamficha mama yake mzazi mimba! Kuna mtu kamfundisha.

Ona, hata hapo nilianza kwa kutafuta mtu.

Kushuku kwangu kwingine kumetokana na kazi. Miaka yote uliyonijua nimekaa mlangoni mwa ghala kwenye mizani. Mkulima wa hapa Mtua akileta gunia la korosho, wengine wanaangalia juu tu, zimekauka, zinang'aa, pitisha. Mimi naingiza mkono mpaka kwapani, natoa za chini, nazipasua kwa kisu. Nimekuta mchanga, nimekuta mawe, nimekuta korosho zilizolowekwa ili zivute mizani. Wakaniita Mama Pasua. Sikuchukia, nililipokea kama cheo. Hata wewe ulipoleta barua ya chuo niliinusa kwanza, ukacheka mpaka ukakaa chini.

Kazi hiyo imetulisha, siitukani. Ila nilirudi nayo nyumbani, na nyumbani hapakuwa na magunia, palikuwa na watu.

Hujawahi kuisikia habari hii kwangu. Najua umeshaisikia kwake, au labda hakukwambia, maana Somoe si msemaji. Mimi nilichelewa kuolewa. Nilikuwa namuuguza bibi yako, mama yangu, na alipofariki, wenzangu niliochezwa nao unyago walikuwa na watoto wa kwenda shule. Baba yako, Mungu amrehemu, alinichukua na umri wangu na maneno yangu. Kwao kulikuwa na desturi. Mke akishika mimba, uji wake wa kwanza anapikiwa na wifi yake, dada wa mume, uji wa mtama na ufuta uliotwangwa, na anaunywa mbele yake mpaka kibakuli kikauke. Ndiyo namna yao ya kusema mtoto huyu tumempokea.

Somoe alikuja asubuhi na mapema, sufuria kichwani, akachutama pale jikoni kwangu.

"Kunywa, wifi. Uji wa kwanza haubakizwi."

Nikanywa. Ulikuwa mtamu, mwanangu, na utamu wake nilikuja kuutumia kama kosa. Mimba ile ilitoka kabla watu hawajaiona. Nikashika nyingine, akapika, nikanywa, nayo ikatoka. Ya tatu nilimdanganya, nikaumwaga uji nyuma ya jiko, lakini alikuwa ameshaweka mkono tumboni kwangu akiniombea dua. Ikatoka. Nikasema basi, ni mkono ule ule.

Na Somoe hakuwa na mtoto. Hilo nililishika kwa mikono miwili. Hana, kwa hiyo hataki niwe naye. Ila sikuwahi kumuuliza kwa nini hana. Mimi niliyeuliza kila kitu, bei, njia, tairi, sikuwahi kumuuliza wifi yangu kama na yeye aliwahi kushika mimba ikamtoka.

Msimu ule kikapita kikundi cha mganga, wale wa kufichua wachawi. Vijana wa kijiji ndio waliowaita. Tukapangwa uwanjani, wanawake huku, wanaume kule. Aliyeonekana ni mchawi alinyolewa mbele ya watu na kupakwa dawa kichwani. Watu husema mimi ndiye niliyemtaja Somoe. Sikumtaja. Nilifanya lililo baya zaidi. Mganga alisimama mbele yangu, alikuwa ameshasikia habari zangu, akaniuliza taratibu, "Mama, na chakula nani hukupikia?" Nikamwangalia Somoe. Jicho tu. Lilitosha.

Walimnyoa kwa wembe mkavu. Hakupiga kelele. Alipoinuka, nywele zake zimemwangukia mabegani, alinijia karibu, akasema, "Wifi, mimi nilikupikia tu." Baba yako alikuwa anatazama miguu yake. Kesho yake Somoe akafunga mzigo akaenda kwa wajomba zake Nanganga, na hakurudi tena kuishi Mtua.

Kabla korosho za msimu ule hazijaisha ghalani, nikashika mimba yako. Ikakaa. Ukazaliwa una sauti kuliko muadhini.

Sasa unaelewa ulikuwa nani kwangu, zaidi ya mtoto? Ulikuwa ushahidi. Mtu akinung'unika kwamba Somoe alionewa, mimi nilikuinua wewe nikasema, "Somoe kaondoka, mtoto kakaa. Mnataka nini tena?" Nani angebisha na mtoto mnene anayecheka? Nilikulea kwenye hukumu ile, nikakunyonyesha juu yake, na wewe hukujua.

Hata alipokuja kumzika baba yako sikulainika. Alikaa kwenye mkeka wa mwisho, karibu na banda la kuku. Nilipitisha maji kwa wafiwa wote, nilipofika kwake nikageuza ndoo. Dada wa marehemu! Wewe ulichukua kikombe ukampelekea. Nilikuona, nikajisemea moyoni, huyu naye kaanza kulishwa nini?

Nije kwenye ile siku ya kubangua. Msimu uliopita ulikuja likizo, tukakaa uani na beseni katikati yetu, ukaanza kunipa habari za mgonjwa mmoja aliyepoteza mimba changa. Ukasema hakuna aliyemfanyia kitu. Nikajua unanijia kwa upande, nikakaza kisu.

"Mama, mayai ya mwanamke hayatengenezwi kila mwezi. Anazaliwa nayo yote."

"Nani aliingia tumboni akayaona?"

"Yanaonekana kwa hadubini, mama."

"Hadubini ya nani?"

Ulicheka, lakini hukuacha. Ukaniambia kila yai lina nyuzi za urithi, kromosomu, na kwamba lazima lijigawe lipunguze nusu, ili likutane na nusu ya baba. Kazi hiyo linaianza mwanamke mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake. Halafu linasimama katikati ya kujigawa, linangoja miaka na miaka, mpaka zamu yake ifike. Na mengi hayafiki. Mengine hufa hata kabla huyo mtoto wa kike hajazaliwa.

"Yanauawa na nini?"

"Yanajiua yenyewe, mama. Wenyewe wanakiita kifo cha seli kilichopangwa."

Kisu changu kilisimama. "Kapanga nani?"

"Hapana mtu aliyepanga. Ndivyo seli ilivyoumbwa."

Nilikuona mwongo, Hawa. Ninakwambia wazi. Nilidhani wamekufundisha maneno ya kuwafunika watu fulani. Maana mimi kifo kilichopangwa nilikuwa nakijua, na nilijua kina jina, kina sufuria, na kinakaa Nanganga.

Lakini uliendelea, na mimi nikawa nasikiliza huku nimeinama nisionekane nasikiliza. Ulisema ndani ya yai wamo wauaji tangu mwanzo, ni protini, na wamo wengine ambao kazi yao ni kuwashika mikono wale wauaji. Siku zote wanawashika. Wapo pia walinzi wanaopita kukagua nyuzi. Wakikuta zimekatika na hazitengenezeki, ndipo mikono inaachiwa, na yai linajimaliza kimya kimya, halipasuki likawachafua wenziwe, linajikunja, na jirani zake wanamaliza mabaki. Na siku yai linapomalizia kujigawa kuna ukaguzi mwingine. Kila uzi lazima ushikwe vizuri pande zote mbili kabla ya kuvutwa, la sivyo kazi ingoje. Ila kwenye yai, ulisema, ukaguzi huo si mkali kama kwenye seli nyingine, na vishikizo vya zile nyuzi huchakaa kwa kungoja. Mwanamke akiwa amekwenda umri, yai bovu linaweza kupita likafika mpaka kuwa mimba. Halafu mimba yenyewe inasimama, kwa kuwa hesabu ya nyuzi haikukaa sawa. Hata kwa msichana hutokea, ila kwa aliyechelewa hutokea zaidi.

Kwa aliyechelewa. Ulilisema neno hilo huku unaangalia beseni.

"Huyo mlinzi wako," nikakuuliza, "hakosei?"

"Hukosea, mama. Anaweza kuua zima na akapitisha bovu."

"Na anajuaje hili bovu hili zima?"

Ukasema mengine yanajulikana, mengine hata wasomi wakubwa bado wanayatafuta. Hapo ndipo uliponitikisa. Yule mganga alijua yote. Hakuwa na neno moja la "sijui," na mimi Mama Pasua, ninayemkagua hata mtoto anayeleta debe moja, sikumpasua hata kidogo kuona ndani yake kuna nini. Nilimpitisha kwa kuwa alikuwa amebeba nilichokitaka.

Niliinuka nikaenda kwenye shamba letu. Mikorosho ilikuwa inachanua. Unajua inavyokuwa, mti mzima maua, harufu mpaka barabarani, halafu chini umwagiko wa maua na vikorosho vichanga vilivyodondoka, na mwisho mti unabaki na vichache. Kila mwaka nimeufagia umwagiko ule na sijawahi kumwita mganga. Nilikaa pale chini mpaka ukaja kuniita chakula kimepoa.

Mgonjwa yule nilimtambua baadaye. Ulisema alilia kwenye choo cha zahanati, akanawa uso, akarudi kupima watoto uzito. Maneno yale yalikaa kichwani kwangu kama kijiwe kwenye mchele. Mgonjwa harudi kupima watoto uzito, Hawa. Anayerudi ni muuguzi.

Halafu juzi hapa Salumu akaropoka akinywa chai, "Shangazi Somoe ndiye aliyekaa naye siku zile," akajitia kukohoa. Nikamwongezea chai. Sikumuuliza chochote, na mwenyewe alishangaa.

Ulipoteza mtoto, na aliyekukanda mgongo ni yule niliyemnyoa. Nililia siku ile, si kwa huruma kwanza, kwa wivu. Nikauliza, mimi sikuwepo? Simu sina? Mtua na Nanganga ni nchi mbili? Nilizunguka na maswali hayo nyumba nzima, na kwa mara ya kwanza nikajijibu mwenyewe. Hukuniambia kwa sababu ungeniambia ningeuliza nani. Ningemtazama mama mkwe wako, sufuria zake, mikono yake. Na jicho langu limeshamnyoa mtu.

Kuna jambo lingine uliloniachia bila kujua. Kama ulivyosema ni kweli, basi yai lililokuja kuwa wewe lilikuwemo ndani yangu nikiwa tumboni mwa bibi yako. Lilianza kujigawa, likasimama, likangoja. Lilingoja nikichezwa unyago, likangoja nikimuuguza bibi, likangoja wakati wa wale watatu waliotoka. Ulikuwa kwenye foleni kabla Somoe hajajua jina langu. Uji wake haukukugusa, na kuondoka kwake hakukukuokoa. Zamu yako tu ndiyo iliyofika, na nyuzi zako zilishikwa sawasawa. Kwa hiyo kesi yangu imevunjika, na aliyeivunja ni shahidi wangu mwenyewe, aliyeketi mbele yangu siku ile anabangua korosho.

Na kama hakuna aliyepanga, mwanangu, mimi nilimfukuza nani?

Sitakudanganya kwamba nimepona. Jana nilifungua ule unga wa mtama. Niliunusa, nikauweka ulimini, nikangoja. Nikauchekecha kutafuta sijui nini. Mzee kama mimi habadiliki kwa somo moja la uani. Nikifikiria wewe umechutama jikoni kwa Somoe unakunywa, natamani kukupokonya kibakuli, na ninyi kesho mnakwenda kuishi huko. Wakati mwingine nahisi hata hayo ya walinzi na mikono mliyaandaa ninyi wawili ili mnilainishe. Ukisoma hapa utacheka. Cheka.

Lakini nimejifunza kitu kidogo, na nimekijua kwa gharama ya mtu mwingine. Mwili nao unashuku. Unakagua kila uzi. Ila wale wauaji wameshikwa mikono, na hawaachiwi kwa hofu, wanaachiwa ukishaonekana mkatiko wenyewe. Mimi kwangu hapakuwa na wa kushika. Baba yako alitakiwa anishike, akatazama miguu yake, naye alikufa na jambo hilo, nadhani. Na mimi ningeweza kujishika mwenyewe, hata kwa siku moja tu. Ningeweza kumwita Somoe nyuma ya jiko nikamwambia, wifi, naogopa. Angeniambia nini? Hilo sitalijua tena kama lilivyokuwa siku ile.

Kwenye begi lako la bluu, chini ya vitenge, nimeweka kifuko cha ufuta. Ni wa shamba letu, nimeupepeta mwenyewe, hauna hata punje ya mchanga, apasue akitaka. Ni wa Somoe. Usimpe kwa siri kama mlivyozoea. Mwambie, "Mama amesema ni wa uji wa kwanza." Sikumwandikia neno la msamaha. Nywele zilizonyolewa mbele ya watu haziombewi msamaha kwa karatasi, nitakwenda mwenyewe, na akinigeuzia ndoo ya maji nitakuwa nimestahili.

Akipika, kunywa mpaka kibakuli kikauke. Uji wa kwanza haubakizwi.

Ya mbele siyajui, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hata walinzi hawayajui yote. Huenda huyu akakaa. Huenda zamu ikawa si yake. Hili ndilo ninalokuomba, na sina lingine: akikaa, nipigie simu. Akitoka, nipigie vilevile, saa yoyote, kabla hujanawa uso. Nitapanda gari nije Nanganga na khanga zangu mbili. Nitakaa nawe jikoni kwa Somoe, kama ataniruhusu kukaa. Nitakukanda mgongo upande mmoja na yeye upande mwingine.

Na sitauliza nani.

Mama yako,
Zuhura